Kabla ya 2028, mwalimu wa malezi aweke fimbo chini

Mwishoni mwa mwaka 2027, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza shule ya msingi kwa pamoja. Ni matokeo ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyopunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Kwa hiyo Januari 2028 mikupuo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Hapa Arusha gumzo limekuwa la matofali: yatahitajika madarasa mangapi, viti na meza ngapi, matundu ya vyoo mangapi, na shule za kata za Muriet au Sombetini zitawaweka wapi watoto wote hao wakati hata waliopo wanabanana.

Gumzo hilo ni la haki, ila limeegemea upande mmoja. Wingi wa watoto tumeuona, umri wao hatujautazama. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita atavaa sare ya sekondari akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka mmoja mapema kuliko kaka yake, na ataingia katika shule ambako masomo karibu yote yanageuka ghafla kuwa ya Kiingereza. Wanaojua kwamba kuna jambo la kuangaliwa hapo nao wamekimbilia jibu moja: serikali iajiri mwanasaikolojia kwa kila shule. Mimi nasema pengo letu kubwa liko karibu zaidi ya hapo. Shule zetu zinamkosa mtu mzima mmoja ambaye kijana anaweza kumwendea bila kuogopa. Mtu huyo tumeshamtaja kwenye nyaraka zetu miaka mingi, anaitwa mwalimu wa malezi. Tumempa cheo, tukamnyima muda, kisha tukamkabidhi fimbo.

Tuanze na umri wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Wataalamu wamekuwa wakirudia kwa muda mrefu kwamba sehemu kubwa ya maradhi haya, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi uliopitiliza yakiwamo, huanza kujitokeza kijana akiwa na miaka kumi na minne hivi. Kwetu huo ni umri wa kidato cha kwanza na cha pili, wakati mtoto anapambana na lugha mpya, mwili mpya na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ambao akishindwa anarudia mwaka. Ongeza maisha ya nje ya geti la shule. Binti wa Muriet anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anachota maji, anaandaa wadogo zake, anakwenda barabarani kusimamisha vifodi ambavyo makonda wake wakiona sare wanapiga bodi gari iondoke, kwa sababu nauli ya mwanafunzi haiwalipi. Baba yuko mlimani na wageni, au yuko migodini Mererani. Mama yuko Soko la Kilombero tangu saa kumi na moja. Binti anafika shuleni saa moja na nusu, mstari umeshavunjwa, na anayemsubiri getini ni mwalimu wa zamu.

Mwalimu huyo wa zamu, au wa nidhamu, mara nyingi ndiye huyo huyo mwalimu wa malezi. Uteuzi hufanywa na mkuu wa shule, na mkuu huangalia nani "watoto wanamsikia", maana yake nani wanamwogopa. Serikali ilitoa waraka wa kuanzisha huduma za ushauri na unasihi mashuleni tangu mwaka 2002, na miaka ya karibuni yameongezeka madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto yaliyotokana na mpango wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kwa karatasi hatuna upungufu. Ukienda kuutafuta huo unasihi shuleni ndipo utakapoona ulivyo. Katika shule moja ya mjini hapa nilioneshwa chumba cha ushauri: stoo nyembamba nyuma ya ofisi ya walimu, mabunda ya karatasi za majibu ya mitihani hadi dirishani, majembe mawili, kiti kimoja. Nasema kimoja kwa sababu anayekuja kushauriwa husimama. Sanduku la maoni lilikuwepo pia, zuri, la mbao, lenye kufuli. Limetundikwa ukutani chini ya dirisha la mkuu wa shule, mahali ambapo shule nzima inamwona mwanafunzi anayekwenda kutumbukiza karatasi. Niliuliza ufunguo anao nani. Anao mwalimu wa nidhamu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, na ningependa tupatazame kwa utulivu bila kuanza kugombana kuhusu fimbo kwa ujumla wake. Sheria ya nchi bado inairuhusu. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinasema adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, isizidi viboko vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Kila mzazi anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na kinachofanyika saa moja na nusu asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka kumi na minane, na kama nusu ya vijana wote walisema walipigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mwalimu. Unaweza kuwa mtetezi wa viboko na bado ukaona tatizo la kimantiki lililopo hapa. Kuchelewa, kusinzia darasani, utoro, hasira za ghafla, matokeo kuporomoka: hizi ni dalili ambazo kijana mwenye sonona au anayenyanyaswa nyumbani huzionesha kwanza, na kila moja ina adhabu yake mashuleni kwetu. Binti aliyechapwa Jumatatu kwa kuchelewa, na aliyechelewa kwa sababu mjomba anamsumbua usiku, anatakiwa Jumanne aende kumweleza aliyemchapa. Haendi. Ukimuuliza mwalimu, atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba shule yake haina kesi.

Wapo wanaoona kwamba haya yote ni kudekeza. Hoja yao tunaijua: watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu na utandawazi, wazazi hawaleti tena watoto wao walelewe na kijiji kizima, samaki mkunje angali mbichi. Zamani, wanasema, tulichapwa na tukawa watu, na mambo ya akili hayakuwepo. Nina heshima kwa wazee wanaosema hivi, maana wengi wao walifundisha kwa moyo. Ila kumbukumbu zao zina tundu. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha karibu na Bukoba walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikasambaa, kikichanganyika na kilio na hamaki, wengine saa chache, wengine siku kadhaa. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95, wote wakiwa wasichana wa umri wa balehe, na Machi shule ikafungwa. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala vimelea. Jambo moja walilolinukuu ndilo ninalolirudia kila nikisikia hoja ya zamani: walimu hawakupatwa hata mmoja. Simu za mkononi hazikuwepo, utandawazi haukuwepo, nidhamu ya bweni ya mishenari ilikuwepo tele, na watoto wakavunjika hadharani kwa njia pekee ambayo mazingira yale yaliwaruhusu.

Tukio la Kashasha tumelifanya kichekesho cha kihistoria, kumbe hata leo tunalo. Siku hizi tunaliita mapepo. Wasichana wa bweni wanaanguka, wanapiga kelele, wanabebwa mzobemzobe hadi chini ya mwembe, anaitwa mchungaji au shehe, wazazi wanafika na bodaboda, shule inafungwa kwa siku chache. Simlaumu mchungaji. Katika sehemu nyingi za Kilimanjaro na Arusha yeye ndiye mtu wa kwanza anayefika na anayeketi na mtoto bila haraka, jambo ambalo sisi wengine hatulifanyi. Sala haimzuii mtu kuuliza maswali pia: mtihani uko lini, chakula kikoje, nani anaingia bwenini usiku, binti wa kwanza kuanguka alipokea habari gani kutoka nyumbani wiki ile. Maswali hayo kwa kawaida hayaulizwi, kwa sababu anayestahili kuyauliza yuko kwenye orodha ya wanaoweza kuwa jibu.

Hoja ya pili, ya kutaka mwanasaikolojia kila shule, ni nzito kuliko hiyo na sitaki kuipuuza. Kuna watoto ambao kusikilizwa na mwalimu mwema hakutawatosha. Wanaosikia sauti, wanaojikata, wanaopanga kujiua, waliobakwa, hao wanahitaji mtaalamu, na wanamhitaji mapema. Shida ni hesabu. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022 ina madaktari bingwa wa afya ya akili wanaohesabika kwa makumi, na shule za sekondari zaidi ya elfu tano. Hata fedha zikipatikana kesho, watu wa kuajiri itachukua miaka kuwasomesha, na mkupuo wa 2028 hautawasubiri. Halafu kuna jambo ambalo wadai wa ajira hizi hawalisemi: mtaalamu akiwekwa ndani ya mfumo uleule, katika stoo ileile, akiripoti kwa mkuu wa shule yuleyule, watoto watamsoma kwa siku tatu na kumpanga kundi moja na wengine. Nataka waajiriwe, waanze hata ngazi ya kata au tarafa ili mmoja azunguke shule kadhaa. Nisichokubali ni kuwageuza kuwa kisingizio cha kutofanya lolote mpaka wafike.

Tena ushahidi wa karibu na kwetu unaonesha kwamba wasio wataalamu wanaweza kufanya kazi kubwa wakipewa mafunzo na usimamizi. Mfano mmoja uko Moshi. Mradi wa Sauti ya Vijana, uliojaribiwa katika mazingira ya hospitali ya rufaa ya KCMC kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, uliendeshwa na viongozi wa vikundi ambao wenyewe walikuwa vijana, wasio na shahada za saikolojia. Vijana walikutana katika vikundi, wakazungumza kuhusu misiba, unyanyapaa, hofu ya kumeza dawa mbele za watu, na walezi wao wakaingizwa katika vipindi vichache. Matokeo ya majaribio hayo yaliyochapishwa 2020 yalitia moyo kiasi cha kuupanua utafiti kwenda mikoa mingine. Jirani zetu Kenya wana Shamiri: vijana waliotoka kumaliza sekondari, waliopewa mafunzo mafupi, wakaendesha vipindi vinne tu vya vikundi mashuleni, na utafiti uliochapishwa 2021 ukihusisha wanafunzi 413 ulionesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Na hapa hapa Tanzania, walimu wa sekondari za serikali waliopitia mafunzo ya siku chache ya namna ya kuhusiana na wanafunzi walipunguza ukatili ikilinganishwa na shule ambazo hazikupata mafunzo. Huo ulikuwa utafiti wa kulinganisha shule kwa shule, uliochapishwa 2018. Sijui kwa nini haunukuliwi kwenye kila semina ya walimu wakuu.

Kuna wakosoaji wengine, wachache ila makini, wanaosema kwamba mazungumzo haya ya afya ya akili yanaweza kuwafanya watoto wajione wagonjwa. Hawa nawasikiliza. Uingereza ilifanya jaribio kubwa la kufundisha madarasa mazima mazoezi ya utulivu wa akili, watoto zaidi ya 8,000, na matokeo ya 2022 yakaonesha hakuna faida ya ziada kuliko shule zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kumhubiria kila mtoto kutoka ubaoni, awe na shida au asiwe nayo, hakufiki mbali. Kwa hiyo nikisikia mapendekezo ya kuongeza "somo la afya ya akili" lenye mtihani wake na daftari lake, nasita. Mtoto wa kidato cha pili ana masomo ya kumtosha. Anachokosa ni mlango wa kubisha hodi.

Hoja ngumu kuliko zote inatoka kwa walimu wenyewe, na haitoki kwenye nadharia. Mwalimu ana vipindi vya kutosha kumaliza sauti, madaftari ya madarasa mawili ya kusahihisha, lengo la ufaulu ambalo ofisi ya elimu inamdai, mkopo benki, na watoto wake mwenyewe. Ukimwongezea malezi bila kumpunguzia kitu, umemwongezea cheo cha bure. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana malezi lazima yaingie kwenye ratiba kama vipindi, vihesabike katika mzigo wake wa wiki kama vinavyohesabika vya Hisabati, na vifidiwe na mwenzake. Shule yenye upungufu wa walimu wa sayansi itakuwa na kigugumizi. Lakini shule hizo hizo zina walimu wa masomo ya sanaa ambao mara nyingine vipindi vyao ni vichache, na mmoja wao huwa ndiye ambaye wanafunzi tayari wanamfuata wakati wa mapumziko bila kutumwa. Watoto wanamjua. Waulizwe kwa karatasi isiyo na jina, na jina litakalorudi mara nyingi ndilo liteuliwe.

Mwalimu huyo asichape, asishike zamu ya getini, asikae kwenye kamati ya nidhamu. Atapoteza "mamlaka"? Atapoteza aina moja ya mamlaka, ndiyo. Ajue pia mipaka ya siri, na aitamke mapema: nitakutunzia unayoniambia, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtu mzima akiwa anakuumiza, hapo tutakwenda pamoja kwa ustawi wa jamii. Awe na njia ya rufaa iliyoandikwa, jina la kliniki na siku zake, iwe Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi na KCMC kwa Moshi, ili asiishie kumwambia mzazi "mpelekeni hospitali" halafu mzazi aishie mapokezi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ni ya bure na ibandikwe ndani ya milango ya vyoo, ambako mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana. Kwa anayedhani ni mahali pa aibu, ningemuuliza anajua sehemu nyingine gani shuleni ambayo mtoto yuko peke yake.

Kuna kikwazo kimoja ambacho shule haiwezi kukiondoa. Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu mkuu wa shule mwenye mwanafunzi aliyenusurika anajikuta kati ya hospitali na kituo cha polisi, na wengi huchagua njia ya tatu: mtoto anarudishwa nyumbani kimya kimya, barua inaandikwa "amehama". Wabunge wa mikoa hii miwili wakitaka jambo la kulisemea bungeni, hilo lipo.

Wathibiti ubora wa shule nao wana nafasi yao. Wakifika wanakagua maandalio ya masomo, vyoo, mahudhurio. Waongeze maswali matatu ambayo majibu yake hayawezi kupambwa kwa bango: mwalimu wa malezi ana vipindi vingapi kwenye ratiba, mara ya mwisho alitoa rufaa lini, na daftari la adhabu linasemaje kuhusu jina lake. Shule ambayo mwalimu wa malezi anaonekana kwenye kila ukurasa wa daftari la viboko ipewe mwezi mmoja kumbadilisha. Haya hayahitaji bajeti mpya. Uteuzi uko mikononi mwa mkuu wa shule, ratiba iko mikononi mwa mwalimu wa taaluma, na bodi za shule za Arusha na Moshi zina vikao vya kutosha kati ya sasa na Januari 2028 kuuliza jina hilo moja na vipindi vyake kabla hawajafika kwenye ajenda ya matofali.